Jiko la Mama Tonny Angani

Mchana wa Jumanne, katika uwanja uliosawazishwa nje ya Kitale, Daktari Simran alirusha roketi nyembamba, ndefu kama mlingoti wa bendera ya shule. Kazi yake ilikuwa kupanda hadi angahewa ya juu, kupima mionzi ya infraredi, yaani joto lisiloonekana kwa macho, kisha kushuka. Ilipanda, ikapima, ikaangukia mahindi ya watu.

Vipimo vilionyesha kwamba juu kabisa, mahali pasipo hata hewa ya kuvuta, palikuwa na mafiga matatu na sufuria ya maharagwe yaliyokaribia kuiva. Simran alikuwa mzaliwa wa Kitale, babake akiuza vipuri mjini, na jiko alilijua. Fundi wake Wekoye alijua hata ni la nani. Uwanja huo ulikuwa shamba la Mama Tonny mpaka tingatinga lilipomtoa. Pale kijijini kila mtu anajua kwamba jiko halibomolewi chungu kikiwa motoni, lakini dereva alikuwa mgeni, tena mwenye haraka. Basi jiko likafuata moshi wake.

Walimkuta Kibabii, upande wa Bungoma, kwa dadake, akifunga kuni. Kila siku alipanda hadi kwenye jiko lake angani kwa moshi wa jiko la dadake. Majirani walishazoea, walimtania tu asisahau chumvi, maana huko hakuna duka. Simran alimweleza kwa upole kwamba joto lake linaharibu vipimo.

“Ati naharibu?” Mama Tonny aliuliza. “Si nyinyi ndio mlinibomolea nikiwa nimeinjika? Ningeacha iungue?”

Simran aliona haya kwelikweli. Alisema wanaomba tu azime moto siku za kurusha.

“Na shamba yangu mtarudisha lini?”

“Hiyo iko kwa ofisi ya ardhi, mama. Mimi ni wa roketi tu.”

Mama Tonny hakupenda kuharibu kazi ya mtu. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyopokonywa shamba. Akakubali.

Siku ya kurusha alipanda, akafukia makaa kwa majivu, akakaa kando ya sufuria baridi. Roketi ilipofika hapo alisogeza miguu ipite. Vipimo vikatoka safi. Wekoye aliumia moyoni, lakini alitia sahihi. Ripoti ilisema juu ya Kitale ni baridi, hakuna dalili ya makazi, na ofisi ya ardhi ikaomba nakala ya kuweka katika faili la shamba la Mama Tonny.