Dhahabu ya Kipanga

Fundi makochi alikuwa na misumari midogo mdomoni aliposikia sululu ikigonga sakafu ya chumba cha nyuma. Akaitema kiganjani. Alijua ni nani na anatafuta nini, maana jambo hilo lilikuwa limemtokea puani tangu utotoni.

Baba yake alikuwa jambazi. Mtaa mzima ulimwita Kipanga, kwa jinsi alivyoshukia maduka ya masonara na kupotea kabla vumbi halijatulia. Alipokamatwa, polisi hawakupata hata pete. Akafia gerezani bila kusema neno, na hapo ndipo watu wakaanza kusema kwa niaba yake: sanduku la dhahabu amelizika nyumbani. Kila aliyesimulia alitia chumvi yake, na kila aliyesikia alitafuta jembe.

Fundi, binti yake huyo, alikua akiona bustani ya mama yake ikifukuliwa na watu asiowajua. Mama akienda dukani kukopa unga, anachekwa: "Wewe wa kukopa, na dhahabu yote ile?" Akarudi mikono mitupu, akafua nguo za watu mpaka siku aliyolala asiinuke tena. Nyumba ikabaki kwa binti, naye akaigeuza karakana ya makochi. Kaka yake mkubwa, mchomelea vyuma, alirithi imani.

"Kaka!" alipaza sauti akisukuma mlango. "Humo ndimo ninamoweka vitambaa vya wateja!"

"Nimevitoa uani, usijali." Kaka alikuwa amelowa jasho, macho yanamng'aa. "Safari hii si kubahatisha, mdogo wangu. Nimekuja na mwenyewe."

Huyo mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mteja kilichotoka kushonwa: mzee mwembamba, kofia mapajani, aliyefunguliwa juzijuzi baada ya kifungo kirefu. Alikuwa mmoja wa genge la Kipanga. Walimwita Kufuli, kwa sababu alipigwa kila namna na hakufungua mdomo.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema, kwa shingo upande.

"Marahaba, binti yangu. Umefanana na baba yako."

Basi Kufuli akahamia pale. Asubuhi anakunywa chai, anatembeatembea, anaonyesha kwa fimbo. "Hapa. Nakumbuka palikuwa na ukuta." Kaka anachimba mpaka kiunoni, hapana kitu. Mchana mzee anakula, anajinyoosha, anakuna kichwa. "Au ilikuwa kule, karibu na dirisha." Kaka aliacha kwenda kazini. Mke wake alipiga simu kuuliza kama ameolewa na mume au na fuko.

Siku sululu ilipopasua bomba la maji, karakana iligeuka bwawa. Kochi la mwenye hoteli, lililokuwa lichukuliwe jioni hiyo, lilinywa maji mpaka sponji zikavimba. Mwenye hoteli alikuja, akalitazama, akamtazama fundi. "Nilisikia huku mna utajiri," alisema, "kumbe ndiyo maana kazi za watu hamzijali." Akaondoka, na fundi akajua kuwa kazi zote za hoteli ile zimeondoka naye.

Kaka alipokwenda kutafuta bomba jipya, fundi alivuta kigoda, akakaa mbele ya mzee, magoti yao karibu yagusane.

"Mzee, niambie ukweli. Liko wapi?"

Kufuli alizungusha kofia yake. "Hakuna kitu, binti yangu."

"Hakuna hapa, au hakuna kabisa?"

"Kabisa. Tuliuza yote wiki ileile tuliyoiba, kwa bei ya kutupa. Aliyenunua alikuwa na mkono mrefu, tungemtaja tusingefika hata mahakamani. Sehemu ya baba yako iliishia kwenye karata. Nilikuwepo."

Kumbe na fundi mwenyewe, chini kabisa ya hasira zake, alikuwa ameacha kijisehemu cha kuamini. Alimwona mama yake, mikono ndani ya karai, na mahali fulani mjini mtu anacheka na kutupa karata mezani.

"Sasa kwa nini unatuchimbisha?"

"Nilitoka gerezani sina mbele wala nyuma," mzee alisema taratibu. "Kaka yako akanipokea getini, akanishika mkono kama baba. Ningemwambia hakuna, ningelala wapi?"

Fundi aliinuka, akaanza kukamua sponji za kochi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kaka aliporudi, fundi alimlazimisha mzee arudie maneno yaleyale. Kufuli akayarudia, macho chini. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Umemwona anavyotetemeka? Anaficha. Tumekaribia."

"Kaka, amesema wameuza! Baba alicheza karata!"

"Baba hakuwa mjinga."

"Hakuwa mjinga? Mama alikufa kwa kufua!"

"Ndiyo maana lazima liwepo!" kaka alifoka, na sauti ikamkatika. "Unataka niamini kwamba tulilala njaa bure?"

Wakatazamana, maji yakiwachuruzika miguuni. Fundi alijua hapo kwamba hata malaika angeshuka na kuapa, kaka yake angemuuliza anaficha wapi.

Akamtafutia Kufuli kazi ya kulinda ghala la mbao la rafiki yake, lenye kijichumba cha kulala. Kisha akaita waashi. Walijaza mashimo kifusi, wakamwaga zege chumba kizima, na yeye akasimama mlangoni mpaka likakauka. Kaka alipokuja na kuona, alichukua sululu yake, akaenda zake, na msimu mzima wa mvua hakukanyaga pale wala hakupokea simu.

Aliporudi, alikuja na mke wake, amenyoa ndevu, ameanza tena kuchomelea mageti. Walikula pamoja, wakacheka kidogo. Fundi alishusha pumzi. Baada ya chakula kaka alinawa mikono, akasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akagonga sakafu kwa kisigino.

"Mdogo wangu," aliuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "hili zege wamelimwaga nene kiasi gani?"