Maneno ya Namba Sita

Mimi ndiye niliyemfukuza kazi binti wa kuandika kumbukumbu, kwa swali moja tu. Alimuuliza mama mmoja kikaoni, "Dada, wewe si unakaa ule mtaa wa nyuma ya hospitali?" Basi. Nilimtoa nje mbele za watu, nikamwambia kazi hii haitaki watu wenye midomo. Alilia. Sikumwonea huruma hata chembe. Leo natamani nimtafute nimwombe radhi, lakini nitaanzia wapi?

Kazi yangu ni kuwakalisha wanawake wanane kwenye duara na kuwauliza mambo ambayo hata mama zao hawajawahi kuwauliza. Majina ni marufuku, kila mmoja nambandika namba kifuani. Kisha naweka kinasa sauti mezani na kuahidi: yatakayosemwa humu yatabaki humu, sauti nitaisikiliza mimi peke yangu, na mtu akighairi, siku yoyote ile, aje ofisini aseme, maneno yake tutayafuta. Miaka kumi na moja nimeisema ahadi hiyo, na wageni wa kazi niliwafundisha mimi: sauti inasikilizwa ofisini, mlango umefungwa, visikizi masikioni.

Ijumaa ile tulikuwa kwenye darasa la shule, madawati tumeyasukuma ukutani, mada ni uzazi wa mpango. Namba Sita alikuwa mdogo kuliko wote. Nusu saa nzima alikaa kimya, anachezea kona ya namba yake. Alipotaka kusema alicheka kwanza, kicheko cha kukatikakatika kama kwikwi, ndipo maneno yakatoka.

"Mie nachoma sindano. Mwaka wa tatu huu, na nyumbani hawajui. Mama mkwe ananipeleka kuombewa nizae, nami naenda, naitikia amina." Akacheka tena. "Mimba ya kwanza ilitoka kwa teke la baba yake. Sasa nimletee nyingine aifanye mpira?"

Namba Mbili, mama mtu mzima aliyekaa ubavuni mwake, akamshika mkono.

"Na wakijua?" nikamuuliza.

"Wakijua nimekwisha, dada yangu. Sina pa kwenda."

Kwa hiyo mtu asiniambie sikujua uzito wa mambo. Niliujua, nikauweka kwenye mkoba, nikaenda nao nyumbani.

Mkubwa wangu alitaka maandishi yote Jumatatu asubuhi, na Jumamosi ofisi haifunguliwi. Nikakaa chumbani, mchana kweupe, visikizi vikagoma, sikio moja limekufa na la pili linakoroma. Sebuleni mama yangu alikuwa kwenye cherehani lake, maana yeye ni fundi, anashonea nusu ya mtaa. Nikajisemea, ah, na ngurumo hizo atasikia nini? Nikafungulia sauti.

Cherehani lilinyamaza. Nililisikia likinyamaza, Mungu wangu ni shahidi, nikadhani uzi umekatika, nikaendelea kuandika.

Mama akaingia, futi kamba shingoni. "Hicho kicheko nakijua. Huyo si mkwe wa Mama Mapazia?"

Mama Mapazia ni mteja wake, bibi mmoja asiyeweza kumaliza mwaka bila kubadilisha mapazia. Kila akija, mkwe wake yuko nyuma amebeba kitambaa.

"Mama, hujasikia kitu."

"Nimesikia, bwana. Mimi si kiziwi."

"Mama, nakuomba. Huyu binti wakijua watamuua."

"Mimi tena? Unanijua mimi. Mimi kaburi."

Kaburi! Na mimi mjinga nikaridhika, nikazima sauti, nikaenda kupika.

Jumatano Mama Mapazia akaja kuchukua mzigo wake. Niliporudi kutoka kazini nikamkuta mama amekaa kitandani kwangu, hajawasha hata taa. Hapo hapo nikajua.

"Umesema."

"Nilitaka kumtetea tu, mwanangu. Anamwita tasa! Anasema mwanawe ataoa mwingine. Mimi waliniita tasa miaka tisa kabla sijakupata wewe, leo mwanamke aitwe hivyo mbele yangu ninyamaze? Nikamwambia huyo si tasa, huyo ana akili zake, muulize anachoma nini."

Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, kelele ambazo sijawahi kumpigia mtu. Majirani walisikia, shauri yao. Na nilipokuwa nikifoka nilijua fika kwamba aliyefungulia sauti ile si yeye.

Ijumaa mlinzi akaniletea mgeni ofisini. Namba Sita, jicho la kushoto limeziba, mkononi mfuko wa nailoni wenye nguo. Nikamvutia kiti, hakukaa. Nikamwambia kuna nyumba inayopokea wanawake, nitampeleka mwenyewe, sasa hivi.

"Kwanza maneno yangu," akasema. "Ulisema mtu akighairi aje. Nimekuja kuyachukua."

Nikafungua kompyuta mbele yake. Nikafuta sauti. Nikafuta kurasa, pamoja na nakala ya mkubwa wangu kwenye faili la ofisi, nikazichana hata karatasi nilizoandika kwa mkono. Alisimama akitazama mpaka kipande cha mwisho kikaingia kwenye pipa.

"Yamekwisha?"

"Yamekwisha."

"Ni Namba Mbili," akasema. "Mama mkwe kaambiwa na fundi cherehani, na Namba Mbili anashonesha kwa fundi huyo huyo. Kanishika mkono, kumbe nyoka. Nimetoka kumtukana sasa hivi, mlangoni kwake, mbele ya watoto wake."

Ningeweza kunyamaza. Nakiri, nililifikiria hilo. Kazi yangu ingebaki, jina langu lingebaki, na mama yangu angeendelea kushona.

"Si Namba Mbili," nikasema. "Yule fundi ni mama yangu. Nilisikiliza sauti nyumbani, mlango wazi. Ni mimi."

Alinitazama kwa lile jicho moja. Kisha akacheka, kile kile kicheko cha kwikwi. Nikangoja, maana nilishamjua, akicheka hivyo neno linafuata. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme lolote.

Hakusema kitu. Akaubana mfuko wake kwapani, akatoka, na mlinzi akamfungulia geti.