Mgeni wa Kiti cha Sitini

Alhamisi, baada ya chai ya saa kumi, mwenye viti alikuja kuchukua viti vyake. Fundi umeme, ambaye ndiye aliyeusimamia msiba wa shemeji yake kuanzia turubai hadi jeneza, alimsaidia kuvipakia kwenye mkokoteni. Vilipaswa kuwa sitini, vikawa hamsini na tisa. Wakarudi ndani kutafuta, wakakikuta cha sitini sebuleni, kando ya cherehani, kimekaliwa. Mwenye viti akamsalimia aliyekikalia, akasubiri kidogo kwa adabu, kisha akamwambia fundi kwamba hana haraka, atakipitia siku nyingine.

Mtu mwenyewe alikuwa wa makamo, shati lake limefuliwa mpaka likapauka. Kwenye kiganja cha kulia alikuwa na jeraha la kuungua, bichi, limekaa palepale lilipokuwa jeraha la marehemu. Mjane, ambaye ni mdogo wake fundi na kazi yake ni ushonaji, aliliona, akachemsha maji ya chumvi, akalisafisha na kulifunga kwa kipande cha pamba. Kisha akamuuliza chai yake huwa anaweka sukari ngapi. Hakuna aliyemuuliza ni nani. Watu walikuwa wameomba siku tano mfululizo kwamba Bwana ashuke akae na mfiwa. Alikuwa ameshuka, na alikuwa amekaa.

Fundi alilijua lile jeraha kuliko wote. Yeye ndiye aliyefunga umeme katika nyumba ile, kazi ya undugu, jioni jioni baada ya kazi za watu. Nyaya zilimwishia kabla hajafika jikoni. Ulikosekana waya wa ethi, ule wa kijani na manjano unaoupeleka umeme ardhini ukipotea njia. Akafunga soketi hivyo hivyo, akamwambia shemeji taa zinawaka, friji inagandisha, kilichobaki atamalizia kesho. Kesho ikazaa kesho kwa miezi minane. Asubuhi moja shemeji alitoka kuoga, miguu bado inachuruzika maji, akashika kishikio cha friji ili anywe maji ya baridi.

Kaburini, fundi alisimama kutoa neno la familia, maana ni mzee wa kanisa na ana sauti. Alisema kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa, na hakuna anayekwenda kukagua kazi yenyewe. Yeye akaimeza hatia yake pamoja na maji ya chupa aliyopewa na wanakwaya.

Mgeni akaendelea kukaa. Kabla yake, nyumba ile ilikuwa imejaa wenye maelezo. Mmoja alisema ni jaribu, mwingine akasema ni mpango, mwingine akasema Mungu huwachukua wema mapema, jambo lililowafanya waliobaki watazamane. Mjane aliwasikiliza wote na hakupata usingizi. Mgeni hakuwa na maelezo. Mjane alipolia, alilia naye, kwa kamasi na kwikwi, mpaka wakapeana leso. Aliponyamaza, alimshikia kitambaa upande wa pili ili akikate vizuri. Kila siku mjane alimuuliza kwa nini, na kila siku Mgeni alitikisa kichwa taratibu. Mara moja tu alijibu kitu.

"Nilikuwepo," alisema. "Pale jikoni. Hakufa peke yake."

Usiku ule mjane alilala mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika. Akaanza tena kupokea kazi, sare za shule na mapazia. Kila asubuhi alimbadilishia Mgeni bandeji, kwa maana jeraha halikupona, wala halikuoza.

Lawama zote za mtaa zilikuwa zinamwangukia Mgeni. Muuza mkaa, aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu utotoni, alikuwa akipita kila Jumamosi kumgombeza. Alimwambia dunia ina wezi na wauaji kibao, lakini yeye akaona amchukue mtu asiyemdhuru hata kuku. Mgeni aliinamisha kichwa. Fundi, ikiwa yupo, alikumbuka shughuli mahali pengine.

Jumanne moja mjane alikuta kabatini shati la mumewe lililokuwa likingoja kifungo. Alitoka nalo, akachukua rula yake ya mbao ya kupimia nguo, akampiga nayo Mgeni mabegani. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

"Ulimtakia nini?" mjane aliuliza, akipiga. "Huko kwako watu wamekwisha?"

Mgeni hakujikinga. Alimtazama fundi, bila ukali, kama mtu aliyebeba kabati anavyomtazama mwenzake aliyepaswa kushika upande wa pili. Fundi alifungua mdomo. Moyo ulimwambia sema, sema sasa, ni sentensi moja tu. Rula ikavunjika.

"Mdogo wangu," alisema, "Mungu halaumiwi."

Akaokota vile vipande viwili, akaahidi kuviunga kwa gundi. Alipofika nyumbani alikaa chooni muda mrefu, akajichukia waziwazi, kwa maneno ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua.

Jumamosi mjane alipokwenda sokoni, fundi alikuja na ngazi na waya wa kijani na manjano, mita kumi na mbili. Mgeni alimshikia ngazi. Alimpa koleo kabla hajaliomba, akavuta waya kwenye bomba kwa mkono wake uliofungwa, na bandeji ikachafuka vumbi la darini. Kazi ilitoka safi, fundi hajawahi kufunga nyingine nzuri kama ile. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini huyu aliuficha na akazidi kuzaa visingizio.

"Utamwambia?" Mgeni aliuliza.

"Akijua nitampoteza," fundi alisema. "Baba hayupo, mama hayupo, nimebaki na huyu tu. Wewe unaweza kuibeba lawama hii, mimi siwezi."

"Naweza," Mgeni alisema. "Sikukuuliza hilo."

Fundi alifunga kifuniko cha soketi, akakaza skrubu zote mbili, akafuta alama za vidole ukutani. Akasema atamwambia kesho, kanisani, mbele ya watu, familia itakapotoa shukrani. Mgeni akamsaidia kuitoa ngazi nje.

Jumapili fundi aliamka na maneno yake yamepangwa: waya, miezi minane, mimi. Hakula kitu. Kanisani yeye ndiye mwangalizi wa vyombo vya sauti, kwa hiyo familia ilipoitwa mbele, kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi mwake, kimeloa jasho. Mjane akamgusa kiwiko, akamwomba amwache azungumze kwanza, maana akingoja ataogopa. Fundi akamshikia kipaza sauti.

"Nimekaa na hasira miezi miwili," mjane alisema. "Nimemtukana, nimempiga, mwenyewe yupo hapa ni shahidi. Hajanijibu vibaya hata siku moja. Leo nataka mjue kwamba nimemsamehe Mungu kwa alichomfanyia mume wangu."

Mchungaji alivua miwani akaifuta. Mgeni, ambaye damu mpya ilikuwa imepenya kwenye bandeji, alimshukuru kwa kumsamehe. Mjane akamshika mkono ule mzima, uso umemtulia. Fundi aliutazama ule utulivu, akajiambia kwamba si utu kumnyang'anya mtu amani aliyoipata kwa shida hivyo. Kati ya visingizio vyake vyote, hicho ndicho kilichomwuma zaidi, kwa sababu kilikuwa kizuri.

Kanisa likasema amina. Fundi naye akasema, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, amina yake ndiyo iliyosikika mpaka nje.