Mbele Hukaa Wanaosoma

Mwalimu Kadii wa Marafa alikuwa na mtindo wake, na hapakuwa na wa kumwuliza: kila muhula, alama zikitoka, gredi ya tano nzima ilihama madawati. Waliofaulu mbele, waliofeli nyuma. Alijisifu hata kwa walimu wenzake kwamba aibu ya dawati la mwisho huwatia watoto bidii. Bidii gani hiyo, jamani.

Nyale alianza mwaka dawati la pili. Muhula wa pili akawa la tano. Sasa yuko la mwisho kabisa, mgongo ukutani, na leo mama yake alikuwa anakuja kumtoa shule, aende Kikambala kwa shangazi akafue nguo za watu.

Kumbe jana tu, wakati wa mapumziko, Kadii alirudi darasani kuchukua miwani yake aliyoisahau mezani. Akamkuta Nyale peke yake, pua nusura iguse ubao, anafuata hesabu kwa kidole, anazinakili na kuzifanya. Alipoliangalia daftari, zote kazipata.

Hapo ndipo alipokumbuka. Muhula wa pili ulipoanza, mtoto huyu alimfuata mpaka ofisini, akasema kwa adabu, "Mwalimu, naomba nikae mbele." Naye, bila hata kuinua uso kwenye madaftari, akamjibu, "Mbele hukaa wanaosoma." Hakumwuliza kwa nini. Miaka kumi na tisa kazini, na kaswali kadogo kama hako kalimshinda.

Leo Mama Nyale aliingia ofisini na kuku mweupe, kamfunga miguu, zawadi ya mwalimu.

"Umejitahidi, mwalimu," akasema. "Kama kichwa hakishiki, basi tena. Nashukuru ulivyomvumilia."

Kadii angeweza kunyamaza. Angeweza kusema tumjaribu muhula mmoja zaidi, akamrejesha mtoto mbele kimyakimya, na siri ikafia hapo hapo. Alimtazama yule kuku, akaona haya kweli kweli.

"Mama Nyale, kichwa kinashika. Macho ndiyo hayaoni mbali. Aliniomba akae mbele, nikamfukuza. Kila akifeli namsogeza nyuma, na kila nikimsogeza anazidi kufeli. Kosa ni langu. Usimtoe, nakuomba. Leo hii anakaa mbele, na Jumatatu nitafuatana nanyi hospitali Malindi akapimwe."

Alingoja atukanwe. Alitaka hasa atukanwe, pengine roho ingetulia.

Mama yule alivuta kiti, akaketi polepole, kuku mapajani.

"Aliniambia," akasema. "Tangu mwezi wa tano aliniambia, mama, ubao siuoni. Nikamchapa, mwalimu. Nikamwambia mwalimu wako kasoma, ingekuwa kweli huoni angeshajua."