Betri Ndani ya Unga wa Wimbi

Wewe umewahi kuficha betri ndani ya unga wa wimbi? Mimi nimeficha, mbili zile kubwa, mkono ukazama hadi kiwiko.

Mwalimu Nicodemus ndiye aliyeniita shuleni, hapa Ndhiwa. Mjukuu wangu Bochaberi, wa gredi ya saba, alikuwa hafungui mdomo darasani. Tulipohamia kutoka Kisii wenzake walimcheka matamshi, naye akanyamaza kabisa.

"Asipozungumza mbele ya darasa, mama, maksi za kuzungumza zitakuwa sufuri. Nyumbani anafanya nini?"

"Anasikiliza redio nikimenya ndizi, midomo ikimchezacheza."

"Basi shida ni hiyo redio."

Mimi niliishia darasa la sita. Mwalimu akisema, naamini. Nikatoa betri, nikazizika kwenye unga.

Wiki mbili nyumba ilikuwa kimya, na mtoto akaacha kuongea hata na mimi. Jumapili moja naenda kuokota mayai, nikasikia sauti nyuma ya banda la kuku.

"Hamjambo wasikilizaji. Ndizi zimeadimika soko la Ndhiwa. Mama Nyasuguta amefika na mkungu mmoja tu, na huo umeliwa na mbuzi. Ni mimi wenu, Bochaberi Nyangau."

Mama Nyasuguta ni mimi! Kuchungulia, namwona ameshika gunzi la mahindi mbele ya mdomo, mgongo umenyooka, na kuku saba mbele yake. Kila neno limekaa mahali pake. Kumbe zile siku midomo yake ilipokuwa ikichezacheza kando ya redio, alikuwa anamfuata msomaji wa habari.

Nilifukua betri, nikazipangusa kwa leso, nikazirudisha redioni. Jumatatu nikamkuta mwalimu langoni.

"Mwalimu, usimwambie ajibu swali. Mwambie asome habari."

Alinitazama sana, lakini Ijumaa akampa nafasi ya kusoma habari kwenye gwaride la shule. Nami nilikuwepo, kando ya ua, nimejifunga kitambaa changu cha kanisani. Bochaberi alisimama na karatasi yake. Kimya. Msichana mmoja, Dorine, akapaza sauti, "Redio ya Kisii imeisha betri!"

Shule nzima ikacheka. Bochaberi akaikunja karatasi, akaishika kama lile gunzi.

"Hamjambo wasikilizaji. Tunaanza na michezo. Jana gredi ya saba ilifungwa bao moja kwa nunge. Bao hilo lilifungwa na Dorine, wa gredi ya saba."

Wee! Dorine mwenyewe alicheka hadi akashika magoti. Mwalimu Nicodemus alivua miwani akafuta macho, kisha akaja hadi niliposimama.

"Mama, ile redio nilikosea."

Nilimjibu kwamba tulikosea wawili, lakini shingo yangu siku hiyo ilikuwa ndefu kama ya twiga.

Njiani nilimnunulia betri mpya. Alizishika, akatembea, akatembea, hadi tukavuka daraja.

"Magokoro," akaniita, nyanya kwa lugha yetu. "Leo jioni nitasoma habari. Usimenye ndizi. Ukae tu, unisikilize."