Kamba ya Meya

Wewe uliyeshika karatasi hii, kaa vizuri nikutegee. Nina mzee wangu, kazaliwa na ndevu na wembe haujui. Koti lake ni moja tu, analala nalo, anaamka nalo. Akiwa hai, sauti yake inawakera majirani. Akishakufa, koti ndilo linaloimba, na majirani walewale wanacheza. Nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Port Antonio. Nimeupokea, nimekwenda, nimekula samaki wake na pilipili mbuzi mpaka nimetoka machozi, nimerudi. Mzee wangu ni mbuzi, na koti lake ni ngozi ya ngoma.

Eulalee Pinnock wa Cedar Bottom alikuwa na mzee wa namna hiyo. Jina lake Meya, kwa sababu alikuwa akisimama langoni na kumwamkia kila apitaye, kana kwamba anaomba kura. Alikuwa mweupe, na duara mbili za kahawia kuzunguka macho kama miwani. Mume wa Eulalee, marehemu Ferdie, ndiye aliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, na kabla mbuzi hajaota pembe, Ferdie naye akafa. Tangu hapo, kila alfajiri Meya akilia nje, Eulalee hujibu kutoka kitandani, "Nimeamka, Ferdie, nimeamka." Watu walimcheka. Yeye hakujali. Nyumba yenye mtu wa kuitikia si sawa na nyumba isiyo na mtu.

Sasa, Alhamisi usiku Eulalee alikwenda kanisani, kanisa letu la Uamsho lenye ngoma, akatoa ushuhuda wake kama kila mwaka yanapokaribia matembezi ya hisani, akaimba, akarudi akalala usingizi wa mtoto. Ijumaa akaamka jua likiwa limeshafika kwenye kabati. Hakuna aliyemwita. Akatoka na gauni la kulalia mpaka kwenye mpera alipokuwa akimfunga Meya. Kamba ilikuwa chini, nzima.

Hilo la kamba nzima ndilo lililomkalisha chini. Wezi wa mbuzi tunawajua. Wanakuja na gari lisilowasha taa, wanakata kamba kwa kisu, wanakwenda zao. Hii haikukatwa. Ilikuwa imefunguliwa. Na Meya alifungwa kwa fundo la Ferdie, fundo alilojifunza kwenye meli za ndizi alipokuwa kijana: ukilivuta linakaza, ukilisukuma linacheka na kufunguka. Waliojua kulisukuma, ukimtoa Eulalee mwenyewe, walikuwa watatu. Vernice, binamu wa Ferdie. Clovis, mpishi, aliyefuga mbuzi pamoja na Ferdie. Na Icilda wa nyumba ya pili, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa na meno ya utoto, ambaye ndiye aliyemtunza Meya wakati Eulalee alipolazwa kwa upasuaji.

Wote watatu angewapa ufunguo wa nyumba bila kuuliza wanautaka wa nini. Kwa hiyo hakupoteza mbuzi tu. Alikuwa ameshampoteza na mmoja wa watu hao, ila hakujua ni yupi.

Hakumwambia mtu. Alijua kwamba mwizi akijua umejua hujificha, na asipojua hujitaja mwenyewe. Jumamosi akavaa fulana ya manjano kama wenzake, akajizungushia ile kamba kiunoni chini ya fulana, akaenda kwenye matembezi.

Matembezi yalikuwa ya kuchangia paa la shule ya watoto wadogo kule Spring Gap, lililochukuliwa na kimbunga. Tunatoka kanisani, tunashuka mtoni, tunapanda upande wa pili, na huko juu Clovis anakuwa anatungoja na sufuria kubwa ya mchuzi wa mbuzi. Sufuria hiyo ndiyo iliyomtoa Eulalee kitandani. Alitaka kuiona kwa macho yake, na aione ngozi ya aliyemo ndani.

Walitembea watatu pamoja, yeye, Vernice na Icilda, kama kila mwaka. Vernice aliongea kwa niaba ya wote. Alilalamikia viatu, akalalamikia kilima, akamsema mkwewe aliyeko Kanada. Eulalee alitembea nyuma yao kidogo, akiwatazama mikono.

"Lalee, njoo mbele bwana," Vernice akamwambia. "Leo unatukagua kama watu wa forodha."

"Asiye na mzigo haogopi forodha," Eulalee akajibu.

Vernice akacheka. Icilda hakucheka. Eulalee akaliweka hilo moyoni.

Halafu mambo yakaanza kuwa ya ajabu. Walipopita kwa bibi kizee mmoja, bibi akatoka mpaka kwenye uzio wa mabati, akamshika Eulalee mkono kwa mikono miwili na kumwambia Mungu atamrudishia, tena maradufu. Mbele kidogo mwenye duka akavua kofia. Akasema mtu mwenye moyo kama wake huzaliwa mara moja katika kijiji. Eulalee akashukuru, maana mtu akikusifu utafanyaje, lakini akatembea akijiuliza. Moyo gani? Atarudishiwa nini? Yeye hakumwambia mtu kwamba amepotewa na kitu. Akaona kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kinampa pole kwa kumzunguka, kama watu wanavyomzunguka mke ambaye mumewe ameonekana mahali.

Walipofika kwenye shamba la binamu yake Icilda, karibu na barabara, Icilda akawaomba wasimame. Akaingia, akang'oa matembele, akakunja mashada makubwa na kuyashindilia kwenye mfuko wake wa begani mpaka ukafura. Sasa, huku kwetu matembele si mboga ya mtu. Viazi tunakula sisi, majani wanakula mbuzi. Na Icilda hafugi mbuzi. Hafugi hata paka, anasema wanamkohoza.

"Icilda," Eulalee akasema polepole, "majani hayo ni ya nani?"

Icilda akafunga mfuko. Akaangalia jua, akaangalia barabara.

"Tutembee," akasema. "Jua linapanda."

Swali likabaki pale kwenye shamba la viazi, na Eulalee akatembea nalo.

Darajani walipumzika. Vernice alivua kiatu kutazama lengelenge lake, Icilda akatoa machungwa na kuanza kuyamenya. Alikuwa akimenya kwa namna yake ya siku zote, ganda moja refu lisilokatika, likishuka kama utepe. Eulalee akaifungua ile kamba kiunoni. Akaifunga kwenye ukingo wa daraja kwa fundo la Ferdie, akasema tucheze kidogo tuone nani bado ana akili.

Vernice alilivuta. Likakaza. Akalivuta tena, akaliuma kwa meno, akavunja ukucha, akamtukana Ferdie huko aliko, akarudi kwenye lengelenge lake. Alikuwa amelisahau kabisa. Eulalee akamfuta Vernice kwenye orodha yake.

"Jaribu wewe," akamwambia Icilda.

"Vidole vyangu siku hizi vimekufa ganzi," Icilda akasema, na chungwa mkononi mwake, ganda likining'inia mpaka magotini.

Eulalee akalisukuma fundo mwenyewe, likacheka, akajifunga kamba tena. Chungwa alilopewa alilishika mpaka likapata joto, hakulila. Miaka yote ile, kusuka nywele pamoja, kuzika waume pamoja, kukopeshana chumvi na viatu vya kanisani. Alimtazama Icilda akifuta mikono kwenye sketi, akajaribu kumwona mwizi ndani yake, na kilichomtisha ni kwamba alianza kumwona.

Kwenye kilima cha upande wa pili akawafikia Mchungaji Brissett. Huyu alikuwa kijana, ametoka Kingston, hajamaliza hata mwaka kwetu, na alitembea kwa nguvu kama mtu anayetazamwa. Akapunguza mwendo ili awe sambamba na Eulalee.

"Mama Pinnock," akasema kwa upole, "nataka ujue kwamba hata ngozi yake haitapotea. Nimeagiza ivalishwe ngoma kubwa ya kanisa. Kila tukiipiga tutamkumbuka."

Eulalee akalishika neno moja. Ngozi yake. Kwa hiyo Meya amekwisha, na mchungaji anajua, na anamwambia akitabasamu. Akaona jambo zima mbele yake. Icilda alimfungua, Icilda akampeleka kwa Clovis, kanisa likapokea kitu cha wizi, na wote hawa wanamtuliza kwa maneno matamu ili asipige kelele. Na hayo matembele? Labda yalikuwa ya kumnyamazisha njiani, na leo ameyachuma kwa mazoea ya mkono, au kuna mbuzi mwingine zamu yake imefika. Ukishamshuku mtu, kila kitu kinakaa mahali pake.

"Ahsante, Mchungaji," akasema, kwa sababu alilelewa vizuri. Akaongeza mwendo, akawaacha wote.

Harufu ilimpokea kabla ya shule. Bizari, majani ya viungo, pilipili mbuzi, moshi wa kuni. Clovis alikuwa amesimama juu ya sufuria na mwiko mrefu kama kasia, taulo shingoni. Eulalee hakumwamkia. Alimpita, akazunguka nyuma ya jiko mpaka kwenye uzio, maana ngozi ya mbuzi haiendi mbali na aliyeichuna.

Ilikuwa pale, imewambwa juani, imenyunyiziwa chumvi. Nyeusi. Nyeusi tii, kutoka shingo hadi mkia.

Akaigusa kana kwamba rangi itatoka.

"Huyo ni wangu," Clovis akasema nyuma yake, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie. "Yule beberu niliyemnunua Krismasi."

"Na Meya?"

"Bi Lalee, hilo mimi ndiye niliyetaka kukuuliza. Meya umemficha wapi?"

Eulalee akamtazama kama mtu aliyeamshwa. Clovis akafuta uso kwa taulo na kumweleza taratibu. Alhamisi usiku, kwenye ushuhuda, Eulalee alisimama mbele ya watu akasema, Bwana, chochote kilicho uani kwangu ni chako kwa ajili ya watoto hawa.

"Nasema hivyo kila mwaka," Eulalee akasema.

"Sisi tunajua. Mchungaji ni mgeni, hajui. Aliniita pembeni ibada ilipokwisha, machozi yanamlenga, akaniambia nikachukue sadaka ya Mama Pinnock. Nikajiuliza, uani kwake kuna nini zaidi ya Meya na yule kuku asiyetaga?" Akatupa jicho kule kwenye sufuria. "Nimekuja Ijumaa alfajiri nimekuta mpera umesimama peke yake. Nikasema, amejuta, amemficha, nani amlaumu? Nikachinja wangu, nikawaacha waamini wanachoamini. Wewe pokea shukrani zako unyamaze."

Wenzake walikuwa wameanza kuingia uwanjani, wakijitupa kwenye majani. Mpiga ngoma akaanza. Mtu akamshangilia Eulalee kwa jina, wengine wakapokea, na yeye akasimama katikati ya makofi asiyostahili, akiwa na aibu ya aina mbili: ya kumpa Mungu kwa maneno matupu, na ya kuwapima watu wake asubuhi nzima kama samaki wa sokoni. Yule bibi wa uzio. Mwenye duka. Vernice na ukucha wake.

Lakini mpera ulikuwa umesimama peke yake kabla Clovis hajafika. Mtu alisukuma fundo.

Icilda alikuwa amekaa kwenye ngazi ya shule, mfuko katikati ya miguu, ncha za matembele zikichungulia. Hakumtazama Eulalee. Alikuwa akiitazama sufuria.

Eulalee akakaa pembeni yake, bega kwa bega, kama wanavyokaa kanisani. Ndipo akakumbuka kwamba hata Alhamisi walikaa hivyo, na kwamba masikio ya Icilda husikia mpaka mnong'ono wa mchungaji.

"Shoga," akasema, na safari hii sauti haikuwa ya forodha, "yale majani ni ya nani?"

"Umekula?" Icilda akauliza.

"Sijala."

"Kula kwanza."

Akamletea sahani, wali na mchuzi, na kipande cha shelisheli la kuchoma. Akakaa kumtazama akila kama mtu anayesimamia dawa. Watu walipanga foleni, wakarudia, wengine wakarudia tena. Sahani ya Eulalee ilipokuwa tupu, Icilda akanyoosha shingo na kumuuliza Clovis kama kimebaki chochote. Clovis akainamisha sufuria ili aone: hakukuwa na kitu ila mwiko.

Icilda akashusha pumzi, pumzi ndefu iliyokaa kifuani tangu Alhamisi.

"Ni ya Meya," akasema. "Tangu Alhamisi namjaza majani mdomoni ili usimsikie akilia. Ningekuambia jana, ungemkokota mwenyewe mpaka kwa Clovis kwa kuogopa watu watasemaje, halafu ungekuja kunililia mimi mwaka mzima. Sasa inuka twende, maana nimemfungia chumbani kwangu, na pazia la dirishani nadhani ameshalimaliza."