Mihimili ya Songo

Mwavita alikuwa uani kwa dada yake, mtaani Songo, akichambua dagaa wa ndagala kwenye lungo, mihimili ya maternite, nyumba ya kujifungulia, ilipopita juu ya mabati ikielekea ziwani. Ilipita polepole, mmoja nyuma ya mwenzake, na uzito wake wote wa zege. Jirani alianua nguo ili zisiingie vumbi. Kuku waliendelea kuchakura.

"Leo imewahi," akasema Bibiche, dada yake, mkono juu ya mimba ya miezi tisa.

Mihimili ile aliichora Mwavita mwenyewe, maana alikuwa enjenia. Ilimwagwa chini uwanjani, ikakauka, ndipo ipandishwe juu ya nguzo. Na kwa kuwa ardhi ya Uvira hutikisika, alichora pia viungo: vyuma vitoke kwenye mhimili, vizame ndani ya nguzo, vifungwe kwa zege, ili tetemeko likija jengo liyumbe pamoja bila kuachana. Lakini wakati wa kupandisha alikuwa Bukavu akimuuguza mama yao. Aliporudi, mihimili ilikuwa imelazwa tu juu ya nguzo, mianya imepakwa saruji. Vile vyuma alivikuta mtaa wa Nyamianda, vimechomekwa juu ya ukuta wa Révérien, mwenye maternite, vikizuia wezi.

Mvua zilipoanza kulikuwa na tetemeko dogo, na mihimili ikatambua kuwa hakuna kinachoishika. Tangu hapo, joto la mchana likizidi, huenda kuelea ziwani na kurudi jioni. Mabati ya paa hubaki hewani yakiisubiri. Akina mama waliolazwa waliupenda upepo unaopita hapo.

Mwavita alimwendea Révérien.

"Muzee, turudishe vile vyuma. Siku udongo utatikisika sana, mihimili itaangukia watu."

"Mama Enjenia, si iko inarudi kila siku?" Révérien akamfungulia Fanta. "Weye unataka nibomoe ukuta yangu? Wezi iko wengi."

Kesho yake mchana, uchungu ulimshika Bibiche. Mwavita alimsihi waende kwingine.

"Wapi, dada? Mukunga wangu iko pale."

Wakaenda. Mihimili ilikuwa imeshaondoka. Mtoto alipotoa kichwa, ardhi ilitikisika, kwa nguvu safari hii. Nguzo ziliyumba kama matete, kila moja kivyake. Hakikuanguka kitu, kwa sababu juu hapakuwa na kitu ila mabati hewani. Mtoto wa kike akalia.

Jioni mihimili ilirudi ikichuruzika maji, mmoja ukasimama juu ya kitanda cha Bibiche. Mwavita alipanda kiti, akaweka kiganja kwenye ncha yake, pale ambapo chuma kingekuwa. Ulitetemeka kama ndama.

"Ngoja kidogo," akauambia.

Ukangoja mpaka wakamtoa Bibiche na mtoto nje uani. Kisha ukashuka mahali pake.

Jumapili Révérien alishukuru kanisani kwamba jengo lake limestahimili tetemeko. Mafundi walipaka nyufa rangi. Akaagiza mihimili ya ghorofa ya pili.

Mwavita sasa hukaa kwenye lango la maternite, na kila mjamzito anayefika na beseni lake humwambia kwa upole, "Mama, jikaze uzae muchana."

Wanaoweza huzaa mchana. Wengine, watoto wao huja usiku.